Helikopta Haipunguzi Farasi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Usimamizi wa Ardhi (BLM),
Serikali ya Marekani.

YAH: KUSITISHA KUSWAGA FARASI WA NYIKANI KWA HELIKOPTA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia mbele ya umma kwa sababu ardhi unayoisimamia ni mali ya umma, na farasi na punda wanaoishi humo waliwekwa chini ya ulinzi wako kwa sheria. Mimi ni mmoja wa wazungumzaji wa Kiswahili tuliohamia nchi hii, tunaofanya kazi na kulipa kodi hapa. Ombi langu ni moja: acheni kuwaswaga farasi kwa helikopta na kuwarundika mazizini, na fedha inayoishia huko ielekezwe kwenye chanjo ya kuzuia mimba, huko huko nyikani wanakoishi.

Idara yako inaijua historia ya sheria hii, lakini wasomaji wengi wa barua hii hawaijui. Mwaka 1950, katibu muhtasi mmoja wa Reno, Nevada, aitwaye Velma Johnston, aliona lori likidondosha damu barabarani. Alilifuata, akakuta limesheheni farasi wa nyikani waliojeruhiwa, wakipelekwa kuchinjwa. Hakunyamaza tena maisha yake yote. Waliompinga walimbandika jina la kejeli, Wild Horse Annie, naye akalipokea na kulitumia. Kwa juhudi zake, mwaka 1959 Bunge lilipiga marufuku kuwawinda farasi hao kwa ndege na magari na kutia sumu kwenye maji wanayokunywa. Watoto wa shule nchi nzima waliendelea kuandika barua kwa wabunge wao, na tarehe 15 Desemba 1971 Rais Richard Nixon akatia saini sheria iliyopita bila kura hata moja ya kupinga. Sheria hiyo inasema wanyama hawa walindwe dhidi ya kukamatwa, kupigwa chapa, kusumbuliwa na kuuawa, na kwamba mkono wa serikali katika maisha yao uwe mwepesi kadiri inavyowezekana. Haikupita miaka mitano, mwaka 1976, Bunge likaruhusu helikopta.

Nini hutokea helikopta inaporuka? Kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, majira ya kuzaa, mmejiwekea marufuku ya kuitumia. Ikifika Julai, jangwa likiwa linawaka joto, kazi inaanza. Rubani hushuka chini nyuma ya familia ya farasi: jike mzoefu akiwa mbele, dume nyuma, na katikati watoto wa miezi miwili mitatu ambao kwato zao bado laini. Wanakimbizwa maili kwa maili hadi kwenye uzio wa kitambaa cha gunia uliotandazwa kwa nguzo, mpana mdomoni na mwembamba kadiri unavyoingia ndani. Hapo mdomoni mfanyakazi humwachilia farasi aliyefunzwa, ambaye watu wa kazi hiyo humwita farasi wa Yuda. Huyo hukimbilia zizini kwa kuwa anajua kuna chakula, na wenzake waliochanganyikiwa humfuata. Lango likishafungwa, familia inavunjwa: madume upande mmoja, majike upande mwingine, watoto kwingine. Wapo wanaojirusha kwenye vyuma na kuvunjika shingo, na wapo wanaovunjika miguu. Vifo hivyo vimo katika taarifa zenu wenyewe za kila siku.

Wanaosalia wanakwenda wapi? Leo zaidi ya farasi na punda 60,000 waliotolewa nyikani wanatunzwa kwenye mazizi na mashamba ya kukodi. Mwaka wa fedha 2023 utunzaji huo ulimeza zaidi ya dola milioni 100, takriban theluthi mbili ya bajeti nzima ya mpango wa farasi na punda. Mnyama aliyekuwa akijitafutia nyasi bila kumgharimu mtu sasa analishwa kwa fedha za walipa kodi hadi afe. Na mazizini pia si salama. Aprili 2022, katika zizi la Cañon City, Colorado, mafua ya farasi yaliua zaidi ya farasi 140, wengi wao wakiwa wamekamatwa Colorado hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Mwaka 2019 mlianza kuwapa watu dola 1,000 kwa kila mnyama wanayemchukua. Baadhi ya wanyama hao wakaonekana kwenye minada ambako wanunuzi wa machinjio huchukua farasi, na mwaka 2025 mahakama ya shirikisho ikaufuta mpango huo.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mateso haya hayaleti hata matokeo mnayoyataka. Mwaka 2013, wanasayansi wa Baraza la Taifa la Utafiti, walioombwa na idara yako yenyewe kuukagua mpango huu, walieleza sababu. Makundi ya farasi nyikani huongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka. Mnapoondoa sehemu ya kundi, waliobaki wanapata nyasi nyingi zaidi, majike wananenepa, mimba zinashika na watoto wengi wanapona. Ongezeko linabaki kuwa kubwa, nanyi mnalazimika kurudi baada ya miaka michache na helikopta zilezile. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu, na anayetwangwa ni kiumbe hai. Wataalamu hao walishauri matumizi mapana ya dawa za kuzuia mimba, na wakasema viwango vyenu vya idadi ya farasi havikuwekwa kwa njia iliyo wazi na inayoweza kukaguliwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na haistahili kubezwa. Ukame wa magharibi ni wa kweli. Zipo chemchemi zilizokauka na mbuga zilizobaki vumbi, na sheria hiyohiyo ya 1971 inawaagiza muwaondoe wanyama wanaozidi. Kiwango mlichoweka ni takriban wanyama 25,500 katika majimbo 10, na makadirio yenu ya Machi 2025 yalikuwa takriban 73,000. Mfugaji wa Nevada anayeona maji yakipungua ana haki ya kusikilizwa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya kugombea nyasi na maji msimu wa kiangazi. Lakini mzani uwe sawa. Ng'ombe na kondoo wa watu binafsi wanaruhusiwa kulisha kwenye takriban ekari milioni 155 za ardhi ya idara yako, ilhali farasi na punda wametengewa zisizozidi milioni 27, na hata hizo mara nyingi wanazitumia pamoja na mifugo. Kwa miaka mingi ada ya malisho ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Mbuga ikichakaa, haiwezekani mwenye kosa awe farasi peke yake.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa kwa miongo. Chanjo iitwayo PZP hulizuia yai la farasi jike kurutubishwa, na nguvu yake hudumu takriban mwaka mmoja. Mtu anayewajua farasi wa eneo lake, anayemtofautisha kila mmoja kwa mabaka na rangi, hutembea taratibu hadi wamzoee, kisha humlenga jike kwenye paja kwa bunduki ya mshale wa dawa. Mshale unadunga, unaanguka, mtu anauokota na kuandika daftarini. Farasi anaruka hatua chache na kurudi kula nyasi pamoja na familia yake. Katika kisiwa cha Assateague, Maryland, chanjo hii imetumika tangu mwaka 1994. Kundi lililokuwa na farasi wapatao 175 limeshuka chini ya 100 bila helikopta wala zizi, na majike waliopunguziwa uzazi wakaishi miaka mingi zaidi.

Ni kweli Nevada si kisiwa. Yapo maeneo makubwa mno na farasi waoga mno kukaribiwa kwa miguu. Huko tumieni mitego ya maji, chumvi na nyasi kavu: farasi wanaingia wenyewe, wanachanjwa, wanaachiwa waende zao. Ni kazi ya subira inayohitaji watu wengi, na watu hao wanaweza kulipwa kwa fedha inayoteketea mazizini leo.

Kwa hiyo naomba mambo manne:

1. Msitishe operesheni za helikopta, isipokuwa pale ambapo wanyama watakufa kwa kiu au njaa wasipoondolewa, na hali hiyo ithibitishwe hadharani.

2. Kila mwaka sehemu ya bajeti ya mazizi ihamishiwe kwenye chanjo, na kila eneo liwe na watu wa kudumu wanaowajua farasi wake.

3. Viwango vya idadi ya farasi vipitiwe upya kwa wazi, vikihesabu pia mifugo inayolisha mahali hapo.

4. Mlitake Bunge liendelee kukataza fedha za umma kutumika kuwaua wanyama wenye afya. Punda wasisahauliwe katika hili. Asili yao ni Afrika, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nchi yenye sheria ya ulinzi tangu 1971 haifai kuwa nyuma yao.

Huhitaji sheria mpya kuyaanza matatu ya kwanza. Chanjo unayo, ushauri wa wanasayansi unao tangu 2013, na sheria ya 1971 ingali hai. Kila Julai helikopta hupaa tena. Kabla ya Julai ijayo, utangazie umma ni maeneo gani yatachanjwa, kwa watu wangapi na kwa fedha kiasi gani, nasi tutafuatilia eneo kwa eneo hadi kazi ifanyike.

Wako katika kuitunza mali ya umma,

Mlipa kodi na mzungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani