NENO LA NYUMBANI: Deni Letu kwa Mazinde Juu



Mwezi huu twataka kulipa deni tulilokaa nalo tangu mwaka 2020. Si deni la fedha, ingawa katika sisi wamo wenye deni la fedha pia, nao tutawagusa mbele kidogo. Ni deni la kusema ahsante.

Apitaye katika barabara ya Korogwe kwenda Same huiona Mazinde ya chini, nchi ya joto na mkonge, mahali alipokaa Semboja wa ukoo wa Wakilindi zamani za misafara. Walakini Mazinde tunayoinena leo iko juu, katika milima ya Usambara upande wa Lushoto, penye ukungu na baridi. Huko, mwaka 1989, Padre Damian Milliken, mtawa wa Mtakatifu Benedikto aliyetoka Marekani, alianzisha shule ya sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria, na masista wa Usambara wakaishika kazi hiyo pamoja naye.

Wageni huuliza kwa nini iwe ya wasichana peke yao, tena ya bweni. Sisi wenyeji hatuulizi. Katika milima hii jembe ni la mwanamke. Maji ni yake, kuni ni zake, mtoto yu mgongoni, na mzigo wa mboga wa kupeleka gulioni u kichwani. Wazee wetu waliposhuka bondeni kukata mkonge, kazi ya nyumbani haikupungua, bali iliwaangukia mama na binti. Basi binti wengi hawakunyimwa masomo kwa sababu baba zao waliwachukia. Walinyimwa kwa sababu mikono yao ilitakiwa. Aliyejenga bweni alijenga ukuta kati ya binti na ndoo. Ndani ya ukuta ule, saa ya kusoma ilikuwa saa ya kusoma, wala hakuna aliyemwita atoke.

Neno hili hatukulijua sawasawa mpaka ukuta ulipoondolewa. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilifunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ikawa wana wote wamerudi majumbani. Tuliwapokea kwa furaha, na kusema kweli tulifurahi pia kwa kuwa mahindi yalitaka palizi. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, lakini redio haimwondolei mtu mtoto mgongoni.

Na tuungame letu. Katika jamaa yetu alikuwapo binti wa kidato cha tatu, msomaji wa huko juu. Juma la kwanza alifungua vitabu vyake kila jioni. Juma la pili alifungua kama mafuta ya taa yalikuwapo. Hata ulipofika mwezi Mei vitabu vilikuwa juu ya dari pamoja na mbegu za maharagwe, na hakuna mtu aliyeamuru viwekwe huko. Hatukumkataza kusoma, tulimwita tu, mara kumi kwa siku, na kila mara kwa jambo la haki.

Mwezi ule ule akaja mshenga. Alisema kwa adabu kwamba shule huenda zisifunguliwe tena, na kwamba kijana anayemnenea ni mtu wa sala. Yatupasa kusema kwamba hatukumjibu siku ile. Tulisema tutafikiri. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yakataza kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Nasi tuliijua, maana tumepata kuwasomea wengine. Bado tulisema tutafikiri. Binti alikuwa nyuma ya mlango akipepeta mchele. Usiku alimwendea mama yake mkubwa akamwuliza, 'Mama mkubwa, hivi baba mkubwa ameshachoka na mimi?' Kesho yake mshenga alipata jibu.

Sasa twaelewa wale walimu na masista walikuwa wakibeba nini kwa ajili yetu mwaka hata mwaka, nasi tukidhani ada yetu imekwisha kuwalipa. Nao miezi ile iliwaumiza. Katika nchi nzima shule nyingi zisizo za Serikali zilikosa ada, na walimu wengi walikaa bila mshahara. Hata hivyo tarehe 1 Juni, kidato cha sita kiliporudishwa, walimu walikuwa tayari kuwapokea, na hofu ya ugonjwa ingali juu ya watu wote. Mtihani wa kidato cha sita ulianza tarehe 29 Juni. Siku hiyo hiyo madarasa mengine nayo yakafunguliwa, baada ya siku 104.

Enyi walimu, mlio Mazinde Juu na mlio katika shule nyingine za mabinti, ahsanteni. Mungu awalipe kwa saa mlizozilinda. Nanyi wazazi mliobaki na ada ya miaka ile, na mkakaa kimya kwa kuwa hakuna aliyewadai tena, nendeni mkaseme na shule. Kidogo kidogo chapokelewa.

Binti wetu aliondoka asubuhi, magari yalipoanza kupanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto. Vitabu vyake vilikuwa na harufu ya maharagwe. Jioni ile ndoo ilikuwa tupu mlangoni. Tulitazamana, kisha tukaichukua wenyewe tukashuka mtoni, na majirani wakacheka kumwona mzee mwenye ndoo.