Manara Alitangulia
Hoja iliyochapishwa yadai Mbwana Samatta ndiye aliyetufungulia mlango wa soka la Ulaya, kwani klabu ya Heracles aliyoichezea Sunday Manara ilikuwa daraja la pili Uholanzi. Kwani daraja la pili hawalipwi? Basi mwandishi atueleze mshahara wa Heracles ulikuwa wa kazi gani! Manara aliondoka Yanga mwaka 1977, nchi nzima ikicheza soka la ridhaa. Samatta alitua Genk 2016 akitokea TP Mazembe, klabu yenye fedha, bingwa wa Afrika 2015, mechi zake zikirushwa kwenye runinga. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994; huku kwetu Msangano, Manara alisikika redioni tu. Samatta ni Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya England, 2020. Hiyo ni yake, asiporwe Manara ya kwake.