Namba 115 na uhai wa mama mjamzito: simu inaposaidia na inapofika kikomo

Vifo vitokanavyo na uzazi nchini vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za mwaka 2015/16 na 2022. Hatua hiyo ni kubwa na ina sababu nyingi, ikiwemo kuongezeka kwa vituo vinavyotoa huduma za upasuaji wa dharura. Swali la sasa ni jinsi simu ya mkononi inavyoweza kuwafikia akina mama ambao bado wanapotea.

Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaogharimu maisha: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Katika ucheleweshaji wa kwanza, simu imekwishaonesha manufaa. Kuanzia mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilitumia ujumbe mfupi usiolipiwa kuwakumbusha wajawazito mahudhurio ya kliniki na dalili za hatari.

Katika ucheleweshaji wa pili, mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, hutumia namba 115 isiyotozwa gharama. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, hutambua kituo kinachofaa na kutuma gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kupitia simu. Familia haihitaji kuanza kuchangishana nauli usiku wa manane.

Ucheleweshaji wa tatu hautatuliwi kwa simu. Mama anayevuja damu akifika kituoni anahitaji mtaalamu, dawa na damu salama. Vilevile, shinikizo la damu linaloashiria kifafa cha mimba hupimwa kwa kipimo, wala si kwa maelezo ya mdomo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara nane.

Kwa hiyo, uwekezaji katika mifumo ya simu hauna budi kwenda sambamba na uwekezaji katika zahanati, watumishi na barabara. Kwa upande wao, wananchi wanakumbushwa kuwa kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege au mtoto kupunguza kucheza tumboni ni dalili zisizopaswa kusubiri kupambazuke. Mjamzito asiye na simu anaweza kupigiwa na jirani.