Foronya ya Vigwe Kutokana na Leso Iliyobaki



Leso huuzwa mbili pamoja, lakini hazichakai pamoja. Moja hutoboka kwa kazi za jikoni na kubeba mtoto. Ya pili hubaki kabatini bila mwenziwe. Juma hili tuishone iwe foronya ya takia, ifungwe kwa vigwe badala ya zipu. Zipu ikiharibika, foronya nzima huwekwa kando ikimsubiri fundi. Kigwe kikikatika, sindano na uzi vyatosha.

Kabla ya kushika mkasi, soma jina la leso. Anayetajwa kuanzisha maandishi hayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Jina ni kauli, na kauli iliyokatwa nusu huenda ikawaambia wageni jambo usilolikusudia. Basi ama liingie lote, ama liachwe nje lote. Na likiwa na dua au jina la Mwenyezi Mungu, lisiwekwe kwenye takia la kukalia. Likate ulihifadhi kwa heshima.

Fua leso kwanza, uianike na kuipiga pasi, kwani pamba hurudi. Vipimo hivi ni vya takia la sentimita 45 kila upande:

1. Kata kipande cha mbele, upana 48 na urefu 50, na cha nyuma, upana 48 na urefu 65. Kata pia tepe sita, upana 4 na urefu 25.

2. Kunja kila tepe kingo zikutane katikati, uikunje tena, uishone. Hicho ndicho kigwe.

3. Juu ya kila kipande, kunja nusu sentimita, kisha sentimita 3, ushone upindo.

4. Kipande cha mbele kishone vigwe vitatu kwenye ukingo wa upindo: kimoja katikati, na vingine sentimita 12 kulia na kushoto kwake. Cha nyuma, pima sentimita 46 na nusu kutoka chini, ushone vigwe vitatu usoni mwa kitambaa, vikabiliane na vya mbele.

5. Laza vipande uso kwa uso, chini zilingane, vigwe viwe ndani. Sehemu ya nyuma iliyozidi ikunje juu ya kipande cha mbele. Hiyo ndiyo italificha takia mdomoni. Shona chini na ubavuni, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Acha juu wazi. Geuza, tia takia, funga vigwe.

Mwenye leso ya marehemu mama yake, warithi wakiwa wameridhia, hana haja ya kuikata yote. Mji wake utoshe mbele, na nyuma pawe kitambaa kingine cha pamba. Vigwe wape watoto washone, wa kike na wa kiume. Mshono wao wa kwanza hata ukienda mshazari, kigwe hufunga. Nao watajua leso ile ilikuwa ya nani.

Wabillahi tawfiq.