Kamera Si Vocha ya Simu

Miongoni mwa wanunuzi wa kamera zilizotumika wanaozunguka madukani Kariakoo, imekita mizizi imani kwamba umri wa kamera ya dijitali husomwa katika tarakimu moja tu, nayo ni idadi ya shata. Shata ni kipazia chembamba kinachofunguka na kujifunga mbele ya sensa, yaani kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, na kila kinapofanya hivyo kamera huhesabu moja. Kwa kuwa Canon iliipa 5D Mark III ya mwaka 2012 kiwango cha mara 150,000, na Nikon ikaipa D850 ya mwaka 2017 mara 200,000, mnunuzi hutoa idadi iliyokwisha kutumika, na kinachobaki hukihesabu kuwa salio, kana kwamba ananunua vocha.

Hesabu hiyo ni ya kujidanganya. Kiwango cha kiwanda hupima uimara wa kipazia peke yake. Kipo kinachokatika mapema na kipo kinachovuka mbali, na kikikatika fundi huweza kuweka kingine, huku sensa na bodi ya umeme zikiendelea na kazi.

Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na kamera za Dar es Salaam haiingii katika hesabu hiyo. Katika harusi na sendofu kamera hurekodi video kwa saa nyingi, shata ikiwa imebaki wazi na idadi yake haisogei, ilhali sensa inachemka na betri inachajiwa tena na tena. Kwa hiyo kamera inayonadiwa kuwa na shata elfu nane tu yaweza kuwa imekesha kumbini kila Jumamosi kwa miaka.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni hewa ya pwani. Masika yanapoingia, kamera iliyofungiwa ndani ya begi huota kuvu kwenye vioo vya lenzi, nyuzi laini mithili ya utando wa buibui, ambazo zikiachwa hula tabaka la kinga lililopakwa juu ya kioo, na doa hilo halisafishiki. Kuvu hupenda giza, unyevu na utulivu. Ndiyo maana kamera iliyolala kabatini mwaka mzima, ile ambayo muuzaji huisifu kwamba “haijaguswa”, yaweza kuwa mbovu kuliko ya mpiga picha za pasipoti, ambayo hutoka nje kila siku ikapata mwanga na upepo.

Na watetezi wa shata wana lipi la kusema kuhusu Nikon Z9 ya mwaka 2021, ambayo haina kipazia hicho kabisa? Kwa mantiki yao, haizeeki. Mnunuzi makini huanza kwa kumulika lenzi kwa tochi ya simu, akakagua kutu kwenye skrubu za kitako na chumvi kwenye vyuma vya betri. Idadi ya shata ataiuliza baadaye, wakati wa kuteta bei.