Dola iliposhuka: kompani ya Tenke na sanduku la matoleo

Wazee wetu waliijua Tenke kama njia panda ya reli: hapo njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika, moja kwenda Kamina, nyingine Dilolo na pwani ya Angola. Leo jina hilo linatajwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Mwaka 2016 CMOC ya China ilikubaliana kununua sehemu ya Freeport-McMoRan ya Marekani katika Tenke Fungurume Mining kwa dola milioni 2,650. Gécamines ina asilimia 20.

Mwezi wa kumi 2025 faranga ya Kongo ilipanda kwa ghafula. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa faranga zaidi ya 2,800 ilishuka chini ya 2,500. Watu walishangilia, kisha wakaenda sokoni na kukuta bei ya unga haikushuka kwa mwendo ule ule. Mtu anayelipwa dola 300 alikuwa akipata faranga 840,000. Kwa bei ya 2,400 anapata 720,000. Kodi ya nyumba ni ile ile, karo ni ile ile.

Je, kompani kubwa inafanya nini siku kama hiyo? Shaba inauzwa kwa dola, kwa bei inayofuata soko la London. CMOC inaandika hesabu zake kwa yuan ya China. Gharama za hapa nchini, nyingine ni za faranga. Kwa hiyo kila mkataba una siku mbili, ya kukubaliana na ya kulipa, na katikati bei ya feza inaweza kugeuka. Dawa ya kwanza ni nyepesi: ukiuza kwa dola, kopa kwa dola na ununue mitambo kwa dola, ili kinachoingia na kinachotoka viende pamoja. Dawa ya pili ni kupatana na banki leo juu ya bei itakayotumika baada ya miezi mitatu au sita, na kuilipa banki kwa usalama huo. Dawa ya tatu haisemwi kwa sauti: kumsukumia mwingine mzigo. Unaandika mkataba ili mwenye lori, mwenye kantini au mfanyakazi ndiye apoteze bei ikigeuka.

Hapo ndipo tunaona shida. Hatari ya feza haifi. Inahamia kwa mtu mwingine. Kompani ina wahasibu na mabanki, lakini mama anayeuza fretini huko Fungurume hana banki ya kumwekea bei ya miezi sita.

Dola ikipanda pia mambo ni yale yale. Mwaka 2015 dola ilikuwa karibu faranga 930. Bei ya shaba ikaanguka, dola zikapungua nchini, na mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,590. Kutaniko lililoweka faranga 930,000 kwa ajili ya mabati lilikuwa na dola 1,000. Miaka miwili baadaye lilikuwa na 585, na hakuna aliyeiba hata senti moja. (Tunajua kamati ambazo mtunza sanduku alitazamwa vibaya kwa jambo hilo.)

Serikali nayo inajikinga. Sheria ya madini ya 2018 iliongeza sehemu ya mapato ya dola ambayo kompani inapaswa kuirudisha nchini, kutoka asilimia 40 hadi 60, hata wakati bado inalipa gharama za kujenga mgodi. Lakini tangu mabanki yafungwe Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, dola hizo za Lualaba ziko mbali sana na sisi wa mashariki.

Kwa makutaniko yetu tunashauri hivi. Feza ya mabati iwekwe katika feza ambayo mwenye duka atadai, au inunue mabati mapema. Mshahara wa mchungaji na wa mlinzi ukae katika feza wanayotumia sokoni. Akiba isiyo na kazi ya karibu igawanywe, kama Mhubiri anavyofundisha katika sura ya 11. Na mkataba wowote na fundi uandike wazi: bei ikigeuka kabla ya kazi kuisha, nani atabeba tofauti? Kamati nyingi zinaacha mstari huo wazi, na fundi ndiye anayeubeba.