Wa Kutwa Nao Wapate Prepo

Mwanafunzi wa bweni na wa kutwa hufanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, karatasi ileile ya Baraza la Mitihani, siku ileile. Tofauti yao huanza jioni. Bwenini kengele ya prepo, yaani muda wa kujisomea, ikilia kila mtu yuko mezani, na anayekwama kwenye hesabu ana mwenzake ubavuni. Wa kutwa huenda nyumbani na swali hilohilo akakuta ndoo za maji, sufuria za kuosha na mdogo wa kubebwa; akimaliza, giza limeshaingia. Kesho daftari likiwa tupu, tunamwita mvivu. Nawaomba wazazi, walimu wastaafu, wenyeviti wa mitaa na vijiji: tuache wazi madarasa ya shule zetu za kata kila jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili, watoto wafanyie kazi zao hapo.

Shule hizi ni zetu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, wananchi walichimba misingi, wakasomba mawe, wakachanga. Madarasa tukayapata, muda na mahali pa kujisomea hatukuvifikiria. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyoacha zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa na daraja sifuri, yalituumiza kiasi cha kuundiwa tume, na alama zikapangwa upya. Kupanga upya alama hakumpi mtoto meza. Tena huyu amesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Akiambiwa aeleze safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni, nyumbani hana kamusi wala wa kumuuliza. Wanafunzi watatu wakikaa na kamusi moja, jibu watalipata.

Wapo watakaosema walisoma kwa koroboi na wakafaulu. Ni kweli, nao wanastahili heshima, ila waliofika sekondari enzi hizo walikuwa wachache waliochujwa sana, na wengi wao walilala bwenini, prepo ikiwalinda. Wengine watauliza kuhusu umeme na usalama wa mabinti. Ndiyo maana nataja saa kumi na mbili, kukiwa bado na mwanga. Walimu tusiwaongezee mzigo, kwani anayehitajika ni mtu mzima wa kutunza utulivu tu, na mzazi yeyote aweza kukaa zamu. Njaa ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mtoto aliyekula alfajiri hawezi kusoma hadi jioni, kwa hiyo mchango wa mahindi na maharage uende sambamba na mpango huu, la sivyo tutakuwa tunawatesa. Na kazi za nyumbani zigawanywe upya, kaka naye ateke maji.

Kikao cha wazazi kijacho kiamue mambo matatu: nani atashika funguo, nani atakaa zamu siku ipi, na kila kaya italeta mahindi kiasi gani.